Zumari wa Mlango wa Pili

Juzi nilikuwa napita mtaa wa Lucky Summer, nikimtafuta jamaa aliyeniahidi kibarua cha kupaka rangi, nikasikia kutoka ukumbi wa kanisa sauti moja nyembamba, imevutwa kwa muda mrefu. Kisha fidla zikaifuata, moja moja. Nilisimama dirishani mpaka mlinzi akaniuliza, "Mzee, unatafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu. Watoto wa mle ndani walikuwa na ala mikononi, zinang'aa. Sisi, rafiki yangu, hatukuwa na hata moja.

Tulikuwa na picha. Mwalimu wetu wa muziki, darasa la sita, alibandika ukutani bango la okestra nzima, lililoliwa na mende pembeni, na kila Alhamisi alileta redio yake ndogo, betri akiwa amezianika dirishani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Tulisikiliza hadi zikafa. Kisha akagawa: wewe fidla, wewe tarumbeta, wewe filimbi, na kila mtu atoe sauti ya ala yake kwa mdomo. Mimi sauti ilikuwa imeanza kuvunjika, nikapewa fidla kubwa kabisa, ile ambayo mtu huipiga akiwa amesimama. Nyanya yangu, aliyenilea, aliponisikia nikinguruma juu ya sahani ya githeri aliuliza kama ni tumbo.

Zumari alipewa msichana wa mlango wa pili kutoka kwetu. Mwalimu alitueleza kwamba okestra haianzi mpaka zumari atoe sauti yake, na wengine wote wajipime kwake. Msichana yule hakuwahi kukosea. Jioni, kwenye mfereji wetu wa pamoja, akisugua sufuria kwa majivu, alikuwa akiitoa ile sauti, nasi kutoka milango mbalimbali, katikati ya moshi wa makaa na harufu ya sukuma wiki, tulimjibu. Wazazi walitukemea bure.

Siku ya wazazi, ambayo okestra yetu ingesikika mbele ya watu, ilipokaribia, baba yake alisimamishwa kazi kiwandani. Wiki hiyohiyo msichana akapatiwa kazi ya kulea mtoto wa watu huko mtaa wa Fedha. Mwalimu alikwenda kwao, na kwa kuta zetu zile nyembamba nilisikia yote. Alimsihi mama amwache binti mpaka siku hiyo ipite tu.

"Mama, bila yeye hawa watoto hawawezi kuanza."

"Mwalimu, hao watu hawangoji. Na hawa wadogo zake, watakula hiyo sauti?"

Nilisikia kiti kikisogezwa, halafu mlango.

Siku yenyewe mwalimu aliinua mkono, akatazama mahali pa zumari. Alikuwa amekataa kumweka mwingine. Tukangoja. Mwishowe filimbi akajitosa, chini mno, na kila mtu akaingia kwa kimo chake. Mzee mmoja akauliza kama ni mziki ama ni ng'ombe wanapelekwa kuchinjwa, uwanja mzima ukacheka, kisha wakatupigia makofi ya dhati wakidhani ulikuwa mchezo wa kuchekesha. Mwalimu aliinama akashukuru. Alhamisi iliyofuata tulifanya hesabu.

Mimi niliacha shule kabla ya mtihani, nikaanza kutangatanga: Malaba, Lodwar, Voi, popote gari la mizigo liliponishusha. Kila nilipokutana na mpiga ala nilimwomba aniruhusu niishike, nione sauti hutokea wapi. Nyumba zetu zilibomolewa, na pale penye mfereji pamesimama ghorofa. Hayo nimeyazoea.

Nisichokizoea ni Krismasi ya mwaka ule. Msichana aliruhusiwa nusu siku, sharti aje na mtoto wa wenyewe. Akafika mferejini, mtoto amelala mgongoni, amefungwa kwa leso. Tulimzunguka. Tarumbeta akamtania, "Wee zumari, tupatie sauti basi." Sote tukavuta pumzi, tayari.

Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu mzima anayetazama watoto wa jirani.

"Nyamazeni," alisema. "Mtamwamsha mtoto."

Tukaiachia ile pumzi. Akajaza debe lake, akaondoka nalo polepole ili asimtikise, na kila mmoja wetu akarudi mlangoni kwake.