Nanomita Niliyofundishwa Stesheni

Mwaka 1993, kiangazi kikianza, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mjane na mwanafunzi wa darasa la watu wazima. Bila cheti nisingepokelewa katika maabara ya zahanati.

Tarehe 5 Juni, siku tisa kabla ya mtihani wa sayansi, mwalimu wetu hakufika. Alizaliwa hapa Kolwezi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na mwaka ule watu wa asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa; kuzaliwa hapa hakukutosha. Nilimfuata stesheni, ambako yeye na mkewe waliketi juu ya turubai wakingoja treni ya waliofukuzwa.

"Mama, na weye banakufukuza?" mwanaume mmoja akanitania langoni.

"Hapana, tata," nikamjibu kwa heshima. "Nafuata masomo."

"Masomo ku gare, ku stesheni! Utapata diplomu ya mabehewa."

Nikapita, nikamwonyesha mwalimu daftari langu. Katika zoezi la mwisho mwalimu alitutaka tutaje kitu kidogo kuliko vyote. Nilikuwa nimeandika: unga wa muhogo uliopita kitambaa cha tatu. Sisi tunaochekecha mara tatu unga wa wageni tulijua kwamba baada ya hapo hakuna kitu.

"Mama, ile ni jiwe," akaniambia. "Gawa mita kwa elfu, upate milimita. Gawa tena kwa elfu: mikromita. Tena kwa elfu: nanomita."

Mimi nilikuwa nikigawa kwa kumi. Filimbi ikalia, watu wakainuka na mizigo, wakaketi tena. Haikuwa treni yao.

"Tazama mabehewa yale kumi, kama mita mia moja. Chembe ya unga wako, sehemu ya kumi ya milimita, ikirefuka hivyo, nanomita itakuwa milimita moja tu. Umeshika?"

"Bado."

Tukarudia hata mkewe akacheka: "Tata, hata mi nimejua!"

Tarehe 8 waliondoka. Mtihani niliufanya, lakini karatasi yangu ilikosa saini ya mwalimu, na baraza la mitihani likakataa kuipokea. Wiki sita sikutulia nyumbani wala sokoni. Wenzangu walinishauri niseme nilijisomea, maana kumtaja aliyefukuzwa kulikuwa hatari.

Tarehe 29 Julai baraza liliniita. Mwenyekiti akauliza nani alinifundisha.

"Mwalimu wetu, stesheni, kabla hajapakiwa."

Hakuna aliyeinua macho. Kisha mwenyekiti akauliza milimita moja ina nanomita ngapi.

"Milioni moja."

Akaandika "amefaulu", akapiga mhuri, na pale pa saini ya mwalimu akachora mstari, bila kuandika jina lake.