Papa Chini ya Dubu

Garland Sprague ana udaktari usiotibu hata mafua, na ana kampuni ambayo imekuwa ndogo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ni lazima ibaki ndogo, kwa sababu anakula fedha za serikali zinazotolewa kwa kampuni ndogo zinazotafiti mambo ya ulinzi na nishati. Ikikua anakatiwa fedha. Namjua vizuri: dada yangu alikuwa mkewe kabla hajachoka, na saluni yangu inapakana na karakana yake hapa mjini kwetu, karibu na kambi ya ndege za kivita. Kati yetu kuna ukuta mwembamba. Huku nakausha nywele za watu, kule Garland anamdanganya mtu kwa simu, na wateja wangu wanafaidi yote mawili kwa bei moja.

Mtu asidhani ni mwizi. Mwizi angekuwa na gari la maana. Garland ana gari la mizigo lenye mlango mmoja wa rangi tofauti, na nyama za makopo anakula akiwa amesimama.

Maishani ametengeneza kitu kimoja tu: mashine inayochoma magunzi ya mahindi ikatoa umeme. Aliianza baada ya kifo cha baba yake, mzee Delbert. Ilinyesha ile mvua inayoganda, umeme ukakatika, na kifaa cha kumpa mzee hewa kikazima. Hiyo ni kweli, mazishini nilikuwepo. Na habari hiyo imekuwa aya ya kwanza ya kila ombi la fedha alilowahi kuandika. Huisoma kwa sauti kabla ya kutuma. "Baba yangu, Delbert Sprague, alifariki gizani..." Mara ya kwanza nililia mpaka wanja ukanichuruzika. Siku hizi naongeza moto wa mashine ya nywele.

Mpango wenyewe una hatua tatu. Ya kwanza, serikali inakulipa uonyeshe kwamba kitu kinawezekana. Ya pili, inakulipa utengeneze kimoja. Ya tatu haikulipi: nenda kauze. Hapo ndipo Garland huingiwa na homa. Hajawahi kuuza hata baiskeli. Kwa hiyo mashine ikikaribia kumalizika, anaipaka rangi mpya, anaipa jina la mnyama mwingine, anaipeleka wizara nyingine, na kila kitu kinaanza upya. Kwa jeshi la nchi kavu ilikuwa ya kijani, ikaitwa Simba wa Milimani. Kwa wanamaji ilikuwa ya kijivu, ikaitwa Papa. Kwa watu wa nishati ikawa nyeupe, ikaitwa Dubu. Wanyama nilichora mimi ubavuni, maana nina mkono usiotetemeka, na papa wangu alipendeza sana. Chuo kikuu nacho ni mbia: profesa huja na wanafunzi, wanakula maandazi yote yenye sukari, wanasema matokeo yanatia moyo, wanaondoka.

Januari ile mvua inayoganda ikarudi. Asubuhi mji mzima ulikuwa kioo, matawi yamelalia nyaya, umeme hakuna. Nilikuwa nafagia barafu mlangoni simu ikalia. Alikuwa Yolanda, muuguzi mkuu wa nyumba ya wazee, anakoishi mama yake Garland, Bi Opal, ambaye naye sasa anapumua kwa kifaa.

"Nadine, jenereta letu limekohoa mara mbili likafa," alisema. "Mitungi ya hewa ya akiba haitafika jioni, na barabara zimefungwa. Yule mtoto wa Opal hapokei simu. Si ana mashine?"

Nikaenda kumgongea. Garland alikuwa amevaa makoti mawili, anaifuta mashine vumbi.

"Washa gari," nikamwambia. "Mama yako anahitaji umeme."

"Shemeji, haiwezekani. Alhamisi mkaguzi anakuja kutoka nishati. Halafu haijawahi kuwaka zaidi ya saa moja. Kitaalamu iko ngazi ya sita ya utayari, kati ya tisa."

"Na mama yako yuko ngazi ya ngapi?"

"Usinielewe vibaya, Nadine. Tunahitaji data zaidi."

"Data utazipata kaburini, karibu na za baba yako. Shika upande huo tubebe, mjinga wewe!"

Nilikasirika kweli, na hasira hizo ndizo zilizoinua upande wangu. Tulienda mwendo wa konokono, minyororo kwenye matairi, magunzi nyuma. Yolanda alivuta waya kupitia dirisha la jikoni. Garland akawasha, akafumba macho.

Ikawaka. Taa zikawaka, vifaa vya hewa vikaanza kuvuma, wazee wakapiga makofi. Ikawaka siku nzima, na siku ya pili, bila hata kukohoa. Garland aliizunguka kwa wasiwasi, kama mtu aliyegundua kwamba mbwa wake anaongea.

Ila hakuna aliyewahi kuiacha ikapata moto kiasi hicho. Siku ya pili rangi nyeupe ilianza kuvimba, ikabambuka vipande vipande. Chini ya dubu akatokea papa. Siku ya tatu papa naye akachanika tumbo, na ndani yake akachungulia simba. Wazee waliomba viti vyao vya magurudumu visogezwe dirishani, wakawa wanabishana nani atatokea baadaye.

Siku hiyo ndiyo Alhamisi, na umeme wa mji ulikuwa haujarudi. Mkaguzi, Bwana Fenwick, alikuta karakana imefungwa, akafikishwa hapo na gari la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Alitazama ule ubavu kwa muda mrefu. Garland alikuwa amegeuka rangi ya maziwa.

"Huyu papa namjua," Fenwick akasema polepole. "Kabla ya nishati nilikuwa kwa wanamaji. Mimi ndiye niliyempitisha."

Wakatazamana. Niliona kila mmoja akiihesabu pensheni yake. Kisha Fenwick akakohoa.

"Daktari Sprague, naona tatizo kubwa la kitaalamu. Rangi haistahimili joto."

"Kubwa sana," Garland akasema, damu ikimrudi usoni. "Hatujui lolote kuhusu rangi."

"Jambo hilo linahitaji utafiti. Hatua ya kwanza."

Walipeana mikono mbele ya mashine inayofanya kazi, na kuhusu kufanya kazi kwake hakuna aliyesema neno. Nilitamani kuwamwagia magunzi kichwani wote wawili.

Umeme uliporudi, Garland alikuja na mnyororo kuichukua mashine, ikafunguliwe karakanani kwa ajili ya majaribio ya rangi. Yolanda alimsihi ampe bei, nyumba iinunue. Garland akasema bado mapema, inahitaji uchunguzi zaidi. Mlango wa jikoni ukafunguka. Bi Opal alitoka akijisukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, mrija puani, blanketi magotini, akajiegesha kati ya mwanawe na mashine.

"Rudisha mnyororo wako, Garland."

"Mama, hii ni mali ya mradi. Nitaandika nini kwenye ripoti?"

"Andika imeibiwa. Mwizi yuko chumba cha mwisho, Jumapili zote yupo, ingawa hujui njia."

"Mama, nitakuletea nyingine iliyo bora."

"Baba yako angeweza kuisubiri hiyo bora?" Alipumzika kidogo, kifaa kikimpa pumzi. "Huyo umemfanya aya ya kwanza, mwanangu, na umeila miaka yote hii. Mimi sitaki kuwa aya ya pili."

Garland akaukunja mnyororo, akautupa nyuma ya gari, akaondoka bila kuaga.

Mashine iko kule mpaka leo, na wazee wanaichochea wenyewe kila wanaposikia utabiri wa barafu. Mimi niliwachorea kuku ubavuni, walichagua wenyewe.

Wiki ile ile nilimsikia Garland kupitia ukutani akisoma ombi lake jipya, lile la rangi. Nilizima mashine ya nywele, mteja wangu naye akatega sikio.

"Baba yangu, Delbert Sprague..." alianza.

Tulisikia kiti kikilia, karatasi ikikunjwa, halafu kalamu ikikwaruza mpaka nywele za mteja zikakauka zenyewe.

"Rangi," akasoma hatimaye, kwa sauti ndogo, "hubambuka ikipata joto."