Ini la Mwenyekiti

Wifi yangu Bernadina hajawahi kuonja pombe, na nasema hivyo nikiwa na hasira, kwa sababu mwaka huu nusu ya mtaa wetu hapa Karatu iliapa kwamba anakunywa. Baba yake alimalizwa na pombe akiwa bado kijana. Tangu hapo hata ile ya kienyeji ambayo wazee hubarikia shughuli, akiiona hugeuza uso. Jumuiya yetu ya kanisa ilimchagua mwenyekiti kwa sababu hiyo hiyo: alikuwa na ubavu wa kuwafuata wanaume vilabuni na kuwarudisha kwa wake zao.

Yeye ugonjwa wake ni soda. Ana mgahawa karibu na gereji, madereva wa watalii wanaoteremka kutoka Ngorongoro hula chipsi mayai pale, na Bernadina huonja kila anachokaanga, kisha hushushia na soda. Akanenepa, nasi tukamsifu. Nilimtania kwamba kaka yangu itabidi anunue kitanda cha chuma.

Basi wakaja watu wa afya kupima bure uwanja wa kanisa. Bernadina, kama mwenyekiti, akatangulia kulala kwenye kitanda cha kipimo. Mpimaji akasema kwa sauti iliyotoka hadi nje ya turubai kwamba ini lake limejaa mafuta na limeanza kuvimba. Watu kwenye foleni wakatazamana. Huku kwetu mtu akiumwa ini, hukumu imeshatoka: ni mlevi.

Fabian, katibu wa jumuiya, aliisambaza habari kabla sisi hatujafika nyumbani. Akashauri mwenyekiti apumzike uongozi mpaka atubu. Bernadina alilia sana. Kisha akajiaminisha kwamba anaumwa kwa sababu kinga yake ya mwili imeshuka, akanunua sokoni unga wa kuongeza kinga, akaukoroga kwenye soda. Ndiyo, soda. Nikamshika mkono nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja mtulivu. Alitueleza kwamba ini hujaa mafuta hata kwa mtu asiyekunywa tone, kwa sukari nyingi, vya kukaanga na unene. Ndani ya ini, alisema, wanakaa askari wa mwili, yaani chembe za kinga, ambao kazi yao ni kumeza vijidudu na uchafu. Chembe za ini zikilemewa na mafuta huumia na kutoa ishara ya hatari, na askari hao huamka na kuita wenzao kutoka kwenye damu.

"Ni kama sungusungu waliopigiwa filimbi," alisema. "Wanafika, mwizi hawamwoni, lakini virungu wameshashika. Wanaishia kuvunja nyumba ya aliyewaita. Palipoumia pakipona panabaki kovu, na makovu yakizidi ini linashindwa kazi. Sasa wewe mama unataka kuwaongezea askari?"

Akamwambia aache unga ule, aachane na soda, atembee, apungue. Ini lake bado lilikuwa na nafasi ya kupona. Njia nzima Bernadina alitangulia mbele yangu kwa hatua ndefu, na mimi ninayemjua nilielewa kwamba anapanga vita.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwake. Kwetu mgeni hupewa soda, na asiyetoa huonekana amemdharau. Bernadina akatuwekea maji, maharage ya kuchemsha na maparachichi. Fabian aliitazama meza kama mtu aliyeibiwa. Tulipofika kwenye matangazo akasimama, na kwa ule upole wake wa uongo akamwomba mwenyekiti akabidhi uongozi.

Bernadina alieleza yote aliyoambiwa na daktari, kisha akamkazia macho.

"Sitoki," alisema. "Ninaumwa, na kuumwa siyo dhambi. Anayetaka nitoke ainue mkono, nimwone."

Fabian akainua wake. Nyuma yake mikono mingine ikaanza kupanda. Ndipo akasimama Martha, mke wa Fabian, ambaye sikuwahi kumsikia akisema lolote mbele za watu mumewe akiwapo.

"Baba Vedasto, shusha mkono," alimwambia mumewe. "Mwaka jana, nilipokwenda hospitali Arusha, waliniambia maneno hayo hayo. Ini lina mafuta, limevimba. Wakanipangia kurudi. Sikurudi, kwa sababu nilijua wewe utasema nini."

Fabian alishusha mkono, akakaa, akaanza kutazama viatu vyake. Ile mingine iliyokuwa juu sikuona ilikoenda. Martha akabaki amesimama.

"Mwenyekiti," aliuliza, "kwa daktari unarudi lini?"

"Jumatatu," Bernadina akajibu. "Nitakupitia asubuhi. Tunakwenda kwa miguu."