Unyevu Kwenye Pamba

Mwanangu, kila unaponilalamikia godoro la mwanao, mawazo yangu hurudi kijijini kwetu Nkoma, msimu ule wanunuzi wa pamba walipoanza kutufuata majumbani na mizani zao, badala ya sisi kuwapelekea kituoni.

Hatukuwa na ghala. Pamba ililundikwa chumbani, na sisi watoto tukalala juu yake. Sijapata tena kitanda laini kama kile, nami shukrani yangu ilikuwa kukikojolea. Nilikuwa na miaka minane. Kila asubuhi nilifukia palipolowa kwa pamba kavu, nikajiona mwerevu sana. Chuo kikuu baadaye hakikuniongezea mengi.

Mnunuzi alipofika uani, majirani wakiwa wamejaa, alizamisha mkono kwenye furushi, akaminya. Akamwambia baba kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mzee, hii umeimwagia maji ili izidi uzito."

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Mimi nilijua kwamba ameshaniahidi fimbo nikikojoa tena. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, ataitwa mwizi mpaka huko mjini Malampaka.

"Baba, ni mimi. Nimekojoa."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba akainua mkono. Bibi, mama yake mzazi, akaudaka.

"Mwache. Wewe ulikojoa mpaka ndevu zikaanza kuota. Nilikupiga? Unadhani huyu karithi kwa nani?"

Hapo hata mnunuzi alicheka. Pamba mbichi ikatengwa ianikwe, iliyobaki ikapimwa. Baba hakunigusa, siku ile wala baadaye. Jioni bibi alinipunguzia uji, akanipeleka chooni kabla ya kulala, akanitandikia mfuko wa nailoni chini ya shuka. Miaka miwili hivi baadaye, nikaacha bila mtu kugundua ni lini.

Basi, mwanangu, usimpige wala usimtangaze. Mtoto hakojoi kwa makusudi, amelala. Mnyweshe vya kutosha mchana, mpunguzie usiku, anikeni shuka pamoja bila maneno. Akianza upya baada ya kuwa ameacha, au akilalamika maumivu, au akiwa na kiu isiyokatika, mpeleke hospitali Bariadi. Na kabla hujamkaripia, niulize mimi habari za godoro lako wewe.

Mungu amjalie mjukuu wangu usingizi mzito, nawe akujalie subira, na kila asubuhi jua la kuanikia.