Siku Mama Philomène Alipoingia Kwenye Sinema

Clotilde alipakwa damu ya bandia asubuhi, nyuma ya stesheni ya treni ya mji wa Likasi, na msichana aliyetafuna chingamu. Ilianzia kwenye nywele, ikashuka shavuni hadi kwenye kola ya blauzi. Ilinata na kunukia sukari. Akaelezwa kazi yake: akae chini na wenzake karibu na reli, na akisikia "action" akimbie bila kuitazama kamera.

Yeye ni fundi wa kushona. Ana binti, Sephora, anayesoma Lubumbashi, naye anaishi na mama yake, Philomène, mwanamke mzee mwenye asili ya Kasai ambaye baba yake aliletwa Katanga kuchimba shaba. Mwaka wa 1992, Wakasai walipofukuzwa Likasi na wenyeji wa Katanga, Clotilde alibebwa mgongoni hadi stesheni hiyohiyo. Alikuwa mdogo mno. Anachokumbuka ni kiu tu. Kaka yake, Mukendi, alifia ndani ya treni akazikwa kando ya reli, mahali ambapo hakuna aliyejua panaitwaje. Miaka mingi baadaye familia ilirudi. Philomène hakusimulia lolote. Ila akienda sokoni huzunguka mbali ili asiione stesheni.

Basi walipokuja watu wa sinema kutoka Lubumbashi kuigiza siku zile, wakitafuta figurants, yaani watu wa kujaa nyuma ya waigizaji, Clotilde akaenda kujiandikisha. Alitaka kuona kitu ambacho mama yake alikuwa amemfichia maisha yote. Nyumbani alisema anapeleka nguo kwa mteja wa upande wa Kakontwe.

"Mama, usiogope," kijana mmoja aliyeshika rungu alimwambia. Jina lake David, mchimbaji wa madini kutoka Kambove, naye figurant kama yeye. "Tutakuya na mbio, lakini hatutakugusa."

"Minye siogopi," Clotilde akacheka.

Matairi yaliyopangwa kando ya reli yakawashwa moto. Jessica, aliyewapanga watu, akapaza sauti kwenye kipaza sauti chake, na vijana wakatoka nyuma ya mabehewa wakipiga kelele, marungu juu. Clotilde alijua kwamba rungu la David ni sponji lililopakwa rangi. Alikuwa amelibonyeza kwa kidole. Hata hivyo alipowaona wakija alikimbia hatua mbili tu. Akaanguka, akatambaa, akasikia sauti ikilia "mamu, mamu", kama Wakasai wanavyowaita mama zao, na hakutambua kwamba ni sauti yake mpaka David alipoinama kumwinua.

"Pole, mama. Imekwisha. Bamesema coupez, tusimame."

Clotilde alikuwa bado ameshika chupa ya maji asiyoweza kuyanywa, simu yake ilipoita. Aliyepiga alikuwa Adrienne Banza, jirani yao, Mluba wa Katanga, yaani mwenyeji, aliyekuwa akisali kanisa moja na Philomène na kuazimana naye chumvi na sufuria.

"Mama Sephora, uko wapi? Mama yako haiko pa nyumba!"

"Haiko namna gani?"

"Bantu banaona moshi kwa gare, kule stesheni. Banasema banafukuza tena Bakasai. Minye nilikimbia kwenu kumuambia akuye ajifiche kwangu. Aliniangalia, akaanza kulia, akapita kwa mulango ya nyuma. Clotilde, ananiogopa minye!"

Clotilde hakuaga mtu. Alitoka mbio vile alivyokuwa, na kanga iliyochanwa na damu usoni.

Hapo ndipo ubaya ulipozidi. Mwenye duka la dawa alimwona akija, akashusha mlango wa bati. Mwanamke aliyeuza mikate aliacha beseni barabarani akanyakua watoto wake wawili. Clotilde alipaza sauti, "Ni sinema! Si kweli, ni sinema!" lakini kadiri alivyopiga kelele ndivyo watu walivyokimbia. Dereva wa pikipiki aliyemsimamisha alimtazama uso, akageuza, akaondoka. Nyuma yake alisikia mtu akisema kwenye simu, "Nimeona kwa macho yangu, mumoja amepasuliwa kichwa." Clotilde akaelewa kwamba huyo mmoja ni yeye. Alijaribu kujifuta kwa kanga, rangi ikatapakaa uso mzima.

Nyumbani alikuta maharagwe yanaungua jikoni. Blanketi halikuwepo, wala sufuria ndogo, wala picha ya ubatizo wa Sephora. Adrienne alisimama uani, mikono kichwani. Alipomwona Clotilde akapiga yowe.

"Ni rangi, tantine Adrienne. Ni rangi tu. Ameenda upande gani?"

"Sijui. Nilitafuta kwa kanisa, nilitafuta kwa sista Christiane. Haiko."

Clotilde aliketi kwenye kizingiti, akijilazimisha kufikiri. Mzee anayeogopa hivyo anakimbilia wapi? Porini hawezi. Kwa majirani hataki. Siku zile walikwenda wapi? Jibu lilipomjia, akainuka. Wote walikwenda mahali pamoja. Walikwenda kungoja treni.

Walirudi stesheni yeye na Adrienne kwa njia ya reli, wakikanyaga mawe, Adrienne akimwomba Mungu kwa sauti. Moshi ulikuwa mzito zaidi kuliko mwanzo. Watu wa sinema walikuwa wakirudia tukio lile, maana mchukua picha, Michel, hakuridhika na mwanga.

Clotilde alimwona mama yake kutoka mbali. Alikuwa ameketi chini katikati ya figurants, juu ya blanketi lake mwenyewe, sufuria pajani, mgongo umenyooka. Alikuwa ameingia tu akakaa. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu hakukuwa na tofauti kati yake na wao. Labda Jessica alidhani ameletwa na wenzake wanaowavisha waigizaji. Kando yake alikuwa na mtoto wa kike wa miaka kama minne, binti wa figurant mwingine, akichezea kokoto.

"Action!"

"Hapana!" Clotilde alipiga kelele. "Simamisha! Ule ni mama yangu!"

Kelele za vijana zilimeza sauti yake. Figurants wote waliinuka wakakimbia kama walivyofundishwa. Philomène peke yake hakukimbia. Alimvuta yule mtoto, akamlaza kwenye blanketi, akamfunika kwa mwili wake wote, na kufumba macho.

David ndiye aliyekuwa mbele. Aliona mikono ya yule mama iliyojikaza kwenye blanketi, akajua kwamba huku si kuigiza. Alitupa rungu lake, akageuka, akatandaza mikono kuwazuia wenzake. Wawili walimgonga wakaanguka naye.

"Coupez! Coupez!" Jessica akapaza sauti. "Nani huyu mama?"

Clotilde alifika akapiga magoti. "Mamu. Ni minye, Clotilde."

Philomène alifumbua macho. Aliona damu, akanyoosha kidole kumgusa shavu.

"Ni rangi, mamu. Nusa. Ni sukari. Hii ni sinema."

"Banakupiga wapi?"

"Hawakunipiga. Angalia, ni rangi."

"Treni inafika saa ngapi?" mama yake aliuliza. "Mutoto huyu iko na kiu."

Mtoto alikuwa analia sasa, akimtaka mama yake. Philomène hakukubali kumwachia. Ilibidi Adrienne asogee polepole, akae chini mbali kidogo, aseme kwa upole, "Philomène, minye ni Adrienne. Sitafika karibu kama hautaki. Mupe mama yake mutoto. Ule pale, anamungojea." Kisha vidole vya Philomène vilianza kulegea, kimoja kimoja.

Michel alikuja akiwa na machozi. Alisema picha ile ni ya ajabu, kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho, kwamba dunia inapaswa kuiona.

"Futa," Clotilde akamwambia.

"Mama, tafadhali, fikiria kwanza—"

"Yeye hakuigiza. Futa hapa mbele yangu."

Jessica alimtazama Michel, naye akafuta.

Wiki zilizofuata Philomène alilala na viatu miguuni. Adrienne alianza kuita jina lake tangu barabarani, kabla ya kuingia uani, ili asimshtue. Siku ya kwanza hakujibiwa, na nyingine nyingi baada ya hiyo. Clotilde hakurudi kwenye kazi ya sinema.

Jumamosi moja mama na binti walikuwa wanachambua mchele. Philomène akasema bila kuinua uso:

"Bale vijana balipokuya na fimbo, uliogopa?"

"Niliogopa, mamu. Nilianguka."

"Na ulijua ni mchezo."

"Nilijua."

Philomène aliendelea kutupa vijiwe pembeni. "Mukendi hakulia," alisema hatimaye. "Aliomba maji tu, na minye nilimuambia, ngoja kidogo."

Clotilde aliacha mchele, akasogeza kiti chake karibu, akamwacha aendelee.