Swichi Chini ya Klachi

Jumamosi, Kiirua. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata zizi sikuliona kutoka jikoni. Baridi ya Timau ilishuka mpaka kwetu.

Mwanangu Kithinji, nakuandikia haya kabla sijalala. Shule niliacha mapema, na mambo ya waya nayajua vile ulivyonieleza wewe mwenyewe. Nikikosea, nirekebishe.

Kuna asubuhi moja sijawahi kukusimulia. Nilikuwa msichana, na kaka yangu Mutwiri ndiye aliyeendesha pikapu ya baba ya kubeba viazi. Hendibreki ilikuwa imekufa, kwa hivyo tulifanya kama kila mtu huku mlimani: gari linaachwa ndani ya gia, jiwe nyuma ya gurudumu. Na kwa sababu ya baridi, dereva haketi kwanza. Anapitisha mkono dirishani, anatoa gia, anawasha injini ipate moto, kisha anarudi kumalizia chai. Mutwiri akafanya hivyo, ila gia alisahau kuitoa. Mimi nilikuwa mbele, kati ya bampa na ukuta wa ghala, nikipangusa umande kwenye taa kwa gunia. Pikapu ikaruka mara moja, ikazima. Bampa lilibana sketi yangu ukutani, na mimi niliye ndani ya sketi sikuguswa. Mpaka leo siwezi kueleza ilikuwaje.

Niseme haki: Mutwiri hakuwa mzembe. Aliendesha vizuri kumshinda baba, na baba mwenyewe aliwasha vile vile. Jiwe pia lilikuwepo, ila lilikuwa nyuma. Mbele nilikuwa mimi.

Baba hakumpiga. Walisukuma gari likarudi, kisha akamwambia, "Simama pale alipokuwa dada yako." Mutwiri akasimama. Baba akapitisha mkono dirishani, akashika ufunguo.

"Gia iko wapi, Mutwiri?"

"Sijui, baba."

"Hata mimi sijui. Niwashe?"

"Usiwashe, baba. Tafadhali."

Baba alikaa vile, mkono kwenye ufunguo, mpaka mimi nikaanza kulia. Ndipo akautoa, akaenda kukama ng'ombe.

Sasa wewe ukanunua hilo gari kuukuu la kushindana kwenye mashamba ya ngano yaliyovunwa. Wakaguzi wa mashindano waliposema bila swichi ya kuzuia stata, ile mota inayoamsha injini, haliingii uwanjani, nilimshukuru Mungu kimyakimya. Fundi akakata waya unaoenda kwa stata, akaupitisha kwenye swichi ndogo chini ya pedeli ya klachi. Usipokanyaga mpaka chini, ufunguo hauwashi kitu. Ukanuna.

"Mum, hii ni kitu ya waoga. Gari ikizima kwa kona na mguu uteleze, nimeachwa!"

Una hoja, sikatai. Swichi ikijaa matope inaweza kukugomea. Na zamani, gari likizimika mtoni, stata ndiyo iliyolivuta likatoka, likiwa ndani ya gia.

Leo ulisema utaunganisha waya moja kwa moja, uikwepe swichi, uirudishe siku ya ukaguzi. Plaizi ya kukatia waya ilikuwa mfukoni mwako. Nilitoka na kikombe changu, nikaona boneti liko juu. Mke wako Karimi alikuwa mbele akitia maji kwenye rejeta, uso kwa injini, mgongo kwa ukuta wa zizi. Na mkono wako ulikuwa dirishani.

Nilitaka kuita jina lako, nikaita la Mutwiri, tena kwa sauti ndogo. Ukazungusha ufunguo.

Kimya.

"Ah! Betri imekufa," ukasema.

Karimi akacheka nyuma ya boneti. "Na ndiyo unataka kushinda watu Timau nayo!"

Kikombe kiliniponyoka. Nilikuja nikaingiza mkono, nikatikisa gia. Haikucheza. Ilikuwa ndani. Ukaitazama gia, ukatazama ukuta. Ule waya ulikuwa hujauunganisha bado; betri ilikuwa nzima, swichi uliyoisahau ndiyo iliyokataa. Ulipanga kuuunganisha baada ya chai.

Mwanangu, mashindano sikukatazi. Nakuomba usiwashe gari ukiwa umesimama nje. Keti, kanyaga klachi mpaka chini, tikisa gia mpaka uhakikishe imetoka. Kisha mwite kwa jina aliye mbele yako, na usiguse ufunguo mpaka aitike akiwa kando. Swichi usiikwepe hata siku moja, wala usiitegemee peke yake, maana inaweza kufa kama hendibreki yetu ilivyokufa. Labda naogopa kupita kiasi. Sijui. Afadhali unione mwoga.

Mungu akushike mkono kabla haujafika kwenye ufunguo. Akurudishe kutoka kila kona, na kila utakayemwita akuitikie. Amina.

Jioni tulikula mukimo na kabichi. Karimi ndiye aliyepika. Anadhani kikombe kiliangushwa na baridi, nami sikumwambia, maana hilo ni lako kusema. Lakini niliona kila alipokwenda jikoni ulimwita, "Karimi?" naye akaitika, "Niko hapa, kwani nini?" Ndipo ukachukua tonge jingine.