Ukuta wa Bwana Mizigo

Siku ya kuondoa matanga, Kokuhirwa wa Chonyonyo alikoroga udongo na samadi ya ng'ombe kama alivyoagizwa na wazee. Desturi ya ukoo ilitaka nyumba ya marehemu ipakwe upya na majani yaliyotandikwa sakafuni yatupwe, ili mjane aanze maisha upya. Alikoroga. Mikono ilikuwa yake, moyo sijui ulikuwa wapi.

Shida ilikuwa ukuta wa chumba cha mbele. Mumewe Kamugisha alikuwa akipeleka kahawa Nkwenda, na kila aliporudi alikunjua gazeti lililofungiwa chumvi, akakata picha za katuni ya Bwana Mizigo, akazibandika kwa uji wa muhogo. Miaka sita. Huyo Bwana Mizigo alinunua baiskeli, akaogopa magurudumu yataisha, basi akawa anaibeba kichwani. Ni hivyo tu, kila wiki, na majirani walikuja kucheka kama vile hawajawahi kumwona. Kokuhirwa hakujua kusoma. Kamugisha alimsomea, naye alicheka kabla hajasomewa.

Sasa ni wiki ya tano hajacheka wala hajalia.

Shemeji yake, Projest, akaingia na ndoo ya udongo.

"Shemeji, tuanze na huu?"

"Anza."

"Hutajuta?"

"Sijui. Paka tu."

Projest akachota udongo, akainua mkono, macho yakaangukia picha ya juu. Akasoma. Akahamia ya pili.

"Mjinga huyu. Mvua inanyesha, yeye kavua koti anaifunika baiskeli."

Akacheka peke yake, akaufuata ukuta hivyo hivyo hadi picha ya mwisho, karibu na mlango. Bwana Mizigo yuko katikati ya mto, maji shingoni, baiskeli kichwani. Kipande kilichofuata kilichanikia dukani.

"Alivuka?"

"Kaka yako alisema alivuka. Siku nyingine akasema bado anangoja maji yapungue."

"Mwongo yule."

"Ndizo zake."

Projest akachuchumaa pale pale. Udongo ukamkaukia mkononi, akaupukutisha. Sauti za wazee zikasikika zinakuja mgombani.

"Wakiuliza," akasema, "waambie udongo haukutosha."

Kokuhirwa akaitazama ndoo. Ilikuwa imejaa. Akaibeba, akapitia mlango wa nyuma, akaimwaga kwenye shina la mgomba, kisha akarudi kuzoa majani ya sakafuni.